Gobore linatawanya risasi? Tafuta kitambaa kwanza, baruti baadaye

Wakuu, hili swali nimeulizwa mara nyingi mno na watu wenye magobore halali hapa Arusha na kule Moshi, kwamba mbona bunduki ileile leo inapiga juu, kesho kushoto, keshokutwa haigusi hata karatasi, na karibu kila aliyeniuliza tayari alishaanza kuongeza baruti. Nawaelewa, mi mwenyewe nilifanya hivyohivyo msimu mzima. Langu ni gobore la fataki (kile kikofia kidogo kinachogongwa kikawasha baruti), kaliba 50, lenye michirizi ndani ya mtutu, lilikuwa la marehemu baba na nilifuata utaratibu wote polisi mpaka likaandikwa jina langu. Kwa umbali wa mita 45 lilikuwa linatawanya matundu matano kwenye eneo la sahani ya pilau, sasa hivi matano yote unayafunika na kisosi cha kikombe cha chai, na baruti ninayotumia ni kidogo kuliko niliyokuwa namwaga mwanzo. Kilichobadilika ni kitambaa, kile kinachofungiwa risasi wakati wa kupakia. Ndo maana mwongozo huu kwenye kitambaa nitakaa sana, kwingine nitapita haraka.

Kabla ya yote, leseni. Gobore nalo ni silaha, linabanwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na baruti na fataki nazo unanunua kwa kibali, sio kwa kujuana. Majaribio yote fanya kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, wenye kingo ya udongo nyuma, sio shambani karibu na hifadhi ukaja kuulizwa maswali na askari wa wanyamapori. Na kama unalo lile la kufuliwa kijijini kwa bomba la maji, mwongozo huu haukuhusu kabisa, lile hakuna kipimo salama, linapasuka usoni kwa mtu, lipeleke polisi kwa utaratibu uliopo.

Hatua ya kwanza, ujue mtutu wako. Hakikisha hauna kitu ndani: ingiza mdeki (ile fimbo ya kushindilia) hadi mwisho, shika mdeki kwa kidole pale unapokutana na mdomo wa mtutu, toa, ulaze mdeki nje ya mtutu uone kama ncha inafika usawa wa chuchu ya fataki, pale fataki inapovalishwa. Kama inaishia juu yake kwa sentimita kadhaa kuna kitu kimo ndani, na magobore ya urithi mengi yamelala na baruti miaka mingi, usicheze nayo, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni. Ukishajua ni tupu, pima mzunguko wa michirizi, yaani urefu ambao michirizi inamaliza duara zima. Chukua mdeki wenye mpini unaozunguka wenyewe, fungia kitambaa kinachobana, sukuma hadi chini, piga alama ya maka peni kwenye mdeki, halafu vuta taratibu uangalie ile alama inageuka kiasi gani. Mfano ikigeuka robo kwa sentimita 42, basi mzunguko mzima ni kama sentimita 168, yaani inchi 66, huo ni mtutu wa risasi ya mviringo haswa. Ukipata robo kwa sentimita 30 hivi hiyo ni inchi 48, bado unapiga goroli, yaani hiyo risasi ya mviringo, vizuri ila mara nyingi unapenda kipimo cha baruti cha chini kidogo. Ukipata robo kwa sentimita 18, ni inchi 28, huo umetengenezwa kwa risasi ndefu na goroli utahangaika nayo. Na kama ndani hamna michirizi kabisa, ni laini kama bomba, hapo punguza matarajio, pigia mita 25 hadi 50 basi, ila mengine yote nitakayosema yanafaa vilevile.

Mwombe fundi akupimie tundu kwa venia (kile kipimo cha midomo miwili cha kupimia upana na unene), usiamini kilichoandikwa juu. Kaliba 50 ni milimita 12.70, na risasi ya kuanzia ni ya inchi 0.490, yaani milimita 12.45. Kwa kaliba 45 ni 0.440, kwa kaliba 54 ni 0.530. Umeona, risasi ni ndogo kuliko tundu kwa robo milimita tu, na hiyo nafasi pamoja na ile mifereji ya michirizi inajazwa na kitambaa. Risasi yenyewe haigusi chuma. Kitambaa ndicho kinachoshika michirizi, kinazungusha risasi, kinazuia moto usipite pembeni, halafu kikitoka nje kinadondoka. Ukilielewa hili jambo moja, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Risasi zenyewe ziwe za madini ya risasi laini, ile unayokwaruza kwa ukucha ikaacha alama. Vile vizito vya kubalansia matairi ni vigumu, na betri za gari usithubutu kuziyeyusha, mvuke wake ni sumu mbaya sana. Ukimimina mwenyewe kwenye kalibu fanyia nje penye hewa, watoto mbali, tone moja la maji lisiguse sufuria maana inalipuka na kukumwagia, na unawe mikono kabla hujala chochote. Baada ya hapo zipime uzito. Ya 0.490 ikiwa imejaa vizuri ina gramu 11.5 hivi, nyepesi kuliko wenzake ina hewa ndani, irudishe kwenye sufuria. Arusha kwa hili tumebarikiwa, mizani ndogo ya kidijitali ya madalali wa tanzanaiti ipo kila kona, ukimwona mtu anapima kwa karati usiogope, karati moja ni gramu 0.2 kwa hiyo risasi yako itasoma karati 57 na kitu. Zitenge mafungu, tofauti ndani ya fungu isizidi gramu 0.1.

Sasa kitambaa. Sharti la kwanza ni pamba tupu au kitani, asilimia mia, maana chenye nailoni au poliesta kinayeyuka ndani ya mtutu na kugandia kwenye michirizi na kukitoa ni kazi. Usimwamini muuzaji kwa mdomo, hata yeye hajui, chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe kwa kiberiti: pamba inaungua ikawa majivu laini na inanuka kama karatasi, poliesta inajikunja ikawa kishanga kigumu cheusi. Kwa jaribio hili moja utatupa nusu ya ulivyoletewa. Kaki ya sare za shule mara nyingi ni tetroni, ina poliesta, inafeli. Shuka za Kimasai nyingi za siku hizi zinafeli. Jinzi ya kuvutika inafeli. Khanga ya pamba inafaulu kiberiti lakini ni nyembamba, moto unaitoboa.

Zinazofaa ni drili ya pamba, jinzi ya zamani ngumu isiyovutika (pale Memorial Moshi kwenye mitumba utazipata kwa bei ndogo ukivumilia kuchambua), marekani nzito, na mfalme wa vyote kwangu ni kile kitambaa cha mistari cha magodoro ya sufi ya zamani. Kile kilifumwa kwa kubana sana ili sufi isipenye, ndo maana na moto unapata shida kupenya. Nilikipata kwa shangazi yangu Kibosho, godoro lilikuwa linabadilishwa, nikamwambia shangazi hicho kitambaa usikichome nakuomba, akanishangaa lakini akanipa. Na hiyo marekani ina historia yake humuhumu, ni pamba isiyopaushwa iliyokuwa inaletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani karne ya 19, jina likabaki, na misafara iliyopandisha kitambaa hicho bara mpaka huku Kilimanjaro ndiyo ilikuwa inapandisha na magobore, baruti na fataki. Kwa hiyo huyu na huyu wanajuana siku nyingi.

Ukishapata, fua. Kitambaa kipya kina wanga unaokifanya kiwe kigumu na kinaonekana kinene kuliko kilivyo, fua kwa maji moto na sabuni mara mbili, anika, piga pasi. Halafu pima unene kwa venia, kaza midomo ya venia uwezavyo, maana ndani ya mtutu kinabanwa hivyo. Kwa risasi ya 0.490 kwenye kaliba 50 anza na unene wa inchi 0.015 hadi 0.018, yaani milimita 0.38 hadi 0.46. Nunua au tafuta aina tatu za unene tofauti, za kutosha risasi kumi na tano kila moja, uziandike majina kwa kalamu kwenye bahasha. Kata miraba au miduara ya upana wa sentimita 3 na nusu hivi, umbo halina shida ilimradi risasi ikae katikati.

Mafuta ya kukipaka: hapa watu wanakosea sana kwa kutumia grisi au oili ya gari. Mafuta ya petroli yakichanganyika na moto wa baruti nyeusi yanatengeneza lami ndani ya mtutu, baada ya risasi ya nne mdeki hausogei. Tumia ya mimea au wanyama. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya kondoo yasiyo na chumvi ni nzuri, kwa Arusha ya mwezi wa saba nta iwe kidogo tu maana baridi inaigandisha, kwa joto la Moshi ongeza nta isiwe uji. Mafuta ya nyonyo pia ni mazuri sana, yanastahimili moto. Kamua kitambaa kibaki na unyevu tu, kikidondosha mafuta kinalowesha baruti. Mate nayo yanafanya kazi kama unapiga papo hapo, ila usiache gobore limepakiwa hivyo, litashika kutu.

Baruti. Ni baruti nyeusi tu, au mbadala wake uliotengenezwa maalum kwa magobore. Ile ya kisasa isiyo na moshi inayotolewa kwenye risasi za kawaida USIWEKE hata chembe, inapasua mtutu, watu wamepoteza mikono na macho. Ukubwa wa chenga unaandikwa kwa herufi: FFg ni za kaliba 50 kwenda juu, FFFg ni ndogo zaidi na ni ya kaliba 45 kushuka, ingawa wapo wanaoitumia kwenye 50 kwa kupunguza kipimo. Unapima kwa ujazo, kwa kile kikopo cha shaba chenye alama za greni. Kianzio ni rahisi kukumbuka, greni sawasawa na kaliba: kaliba 50 anza na greni 50, ambazo ni gramu 3.2 hivi. Ukomo wa juu ni ule wa mtengenezaji wa bunduki yako, na kama ni ya zamani haina karatasi, fundi aikague kwanza na wewe baki chini. Usimimine kamwe kutoka kwenye pembe au kopo kubwa moja kwa moja mtutuni, kijikaa kimoja kimebaki kinawaka ndani na pembe nzima imelipuka mkononi. Pembe kwenye kipimo, funga pembe, kipimo kwenye mtutu.

Uwanjani weka meza, mifuko miwili ya unga umejaza mchanga, gobore lilale hapo, maana unapima gobore, hupimi mkono wako. Manila nyeupe na mraba mweusi wa sentimita 8, mita 25 kwanza. Miwani na vizibo vya masikio. Piga fataki mbili tupu ukielekeza mdomo kwenye jani la nyasi mbele yako, jani likitikisika njia iko wazi na mafuta yamekauka. Kisha mwaga baruti, gonga mtutu kwa kiganja mara mbili tatu zikae, weka kitambaa, juu yake risasi huku kile kikovu cha kalibu, pale madini yalipoingilia, kikitazama juu, ianzishe kwa kijiti kifupi, halafu mdeki. Shika mdeki karibu na mdomo wa mtutu, sukuma kwa hatua fupifupi, ukishika mbali ukikatika unakupasua kiganja. Uso wako usiwe juu ya mdomo wa mtutu hata sekunde. Risasi lazima ikae juu ya baruti kabisa, nafasi ya hewa katikati inaweza kuvimbisha mtutu au kuupasua, kwa hiyo piga alama kwenye mdeki pale inapofika na kila mara uione hiyo alama. Na nguvu ya kushindilia iwe ileile, usitwange kama kinu. Fataki unaweka mwisho kabisa, umeshakaa, mdomo unaangalia kingo.

Ikigoma, kaa hivyohivyo mdomo mbele dakika nzima ndio ubadili fataki, wakati mwingine moto unachelewa.

Kila baada ya risasi pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo mara moja kwenda na kurudi, halafu kikavu. Hii kitu peke yake imeshawasaidia watu wengi kuliko kipimo chochote, maana masizi ya risasi ya kwanza hayafanani na ya tano, na ukiangalia hewa yetu mwezi wa kwanza na wa pili kavu masizi yanakuwa magumu kama ukoko, masika yanakuwa laini, ukikausha na kufuta kila mara unaondoa hiyo tofauti.

Risasi tano, kipimo kilekile, kitambaa kilekile. Sasa kabla hujaenda kuangalia karatasi, nyamazisha uwanja, silaha zote ziko tupu, nenda mbele mita 5 hadi 10 uokote viraka vyako, yaani vile vitambaa vilivyotoka na risasi. Hapa ndipo nilipopoteza msimu mzima, nilikuwa navipita navikanyaga nikikimbilia karatasi. Okota vyote vitano, vipange mezani kwa mpangilio, vitazame kama fundi cherehani anavyotazama mshono.

Kizuri ni kizima. Kina doa jeusi katikati, kuzunguka doa kuna alama za michirizi kama petali, pembeni kimechanikachanika kidogo na kina masizi, unaweza karibu kukitumia tena. Ukiviona vitano hivyo na karatasi imetulia, simama, umefika karibu.

Kikiwa na tundu katikati lenye kingo za kahawia, moto umepita: kitambaa ni chembamba, au kikavu mno, au baruti imezidi. Vyangu vyote vilikuwa hivi, na kila nilipoongeza baruti nilikuwa naongeza tundu. Panda unene mmoja juu kabla ya kitu kingine. Ikishindikana weka kitambaa kingine kidogo cha mafuta juu ya baruti kabla ya risasi, kinachukua moto badala ya kiraka.

Kikiwa na mikato myembamba iliyonyooka kama ya wembe, imepangika kwa duara, hapo ni kingo kali za michirizi au mdomo wa mtutu. Mtutu mpya unalainika baada ya risasi mia moja na kitu, ukiendelea kukata mpelekee fundi aung'arishe mdomo, usiguse kwa tupa mwenyewe. Kilichoungua upande mmoja tu kimekaa pembeni wakati wa kupakia. Kilichochanika vipandevipande kimeoza, kitambaa kimezeeka. Na kikiwa kigumu chenye vishanga, rudi kwenye kiberiti.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, narudia, kimoja. Ukibadili kitambaa na baruti siku moja, matundu yakikusanyika hutajua nani wa kumshukuru. Vitambaa vikishatoka vizima, hapo ndio unapanda baruti: greni 50, 55, 60, 65, 70, risasi tano tano kila kipimo, karatasi mpya kila kipimo, na kwenye daftari andika tarehe, hewa, unene, mafuta, greni, na ubandike kiraka kimoja kwa gundi pembeni. Utaona matundu yanakaribiana, yanakaribiana, halafu yanaanza kutawanyika tena. Rudi pale yalipokaribiana zaidi. Langu lilitulia kwenye 60 na kitambaa cha 0.018, wakati mwanzo nilikuwa napiga 85 na kile chembamba. Lako litachagua lake, hata yametoka kiwanda kimoja. Matundu yakipangana kwenda juu na chini kama ngazi, chunguza usawa wa kumimina na kushindilia, baruti haina kosa hapo.

Baada ya hapo sogea mita 50, rudia vile vipimo viwili vilivyokuwa bora, uthibitishe. Vilengeo usiviguse mpaka umefika hapa. Kundi likikaa pamoja lakini chini ya mraba, unapunguza kilengeo cha mbele kwa tupa, mapitio mawili tu halafu unapiga tena, maana ukishaondoa chuma hukirudishi. Likikaa kushoto, sogeza kilengeo cha nyuma kulia.

Jioni hiyohiyo, narudia jioni hiyohiyo, safisha. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu wa hewa na kula chuma usiku mmoja. Hakikisha hamna kitu ndani, toa chuchu, maji ya moto na sabuni, vitambaa mpaka vitoke vyeupe, suuza kwa maji ya moto zaidi ili mtutu ujikaushe, pitisha kavu, halafu mafuta. Kesho yake asubuhi pitisha tena kitambaa kikavu, na kikitoka na rangi ya kahawia rudia mafuta siku hiyo na inayofuata. Kabla ya kwenda kupiga tena, yafute yote mpaka tundu liwe kavu.